Meno au mdomo? Tume ya Kifalme ya Uingereza, NEMC, na swali la mjomba wangu



Mwanzoni mwa 1998 nilipata barua kutoka kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa akiishi Nyamisati, pale mtu anapopandia chombo kwenda Mafia na visiwa vya delta ya Rufiji. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Barua zake zilikuwa salamu, nani kafa, nani kaoa, na bei ya mchele. Safari hii aliongeza swali. Alisema kuna kampuni inataka kukata mikoko ichimbe mabwawa ya kufugia kamba, na kwamba wasomi wa serikali wenyewe wameutazama mradi wakasema haufai. Lakini serikali imeukubali. "Mpwa wangu," aliandika, "wewe uko Ulaya na umesoma. Hebu niambie, serikali inaajiri watu wa kuishauri, inawalipa mshahara, halafu haiwasikilizi. Basi hao ni wa kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia maneno ya juu juu, ya subira na dua. Lakini swali likanikaa kooni, na tangu hapo kila nikipata nafasi nimekuwa nikisoma habari za vyombo hivi vinavyoitwa vya ushauri: vilianzaje, vinafanya nini, na lini hasa serikali huvisikiliza. Haya ninayoyaleta ni matunda ya kusoma huko, pamoja na niliyoyaona kwa macho yangu katika nchi hii ya Waingereza niliyofika 1981. Najua mada haina utamu wa siasa za uchaguzi, lakini nivumilieni.

Sote tumezoea kusema, tukizungumzia mazingira kwetu, kwamba Baraza la Taifa la Mazingira, yaani NEMC, "halikuwa na meno". Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Sasa nadhani tulikuwa tunatazama pasipo. Naanza na Uingereza kwa sababu huko nimekuta chombo ambacho kwa miaka 41 hakikuwa hata na jino moja, na bado kilibadilisha mambo makubwa.

TUME ISIYO NA AMRI

Machi 1967 meli ya mafuta, Torrey Canyon, ilipanda mwamba karibu na Cornwall, na pwani nzima ikachafuka. Watu wakapiga kelele. Serikali ya Harold Wilson ikaona haina mtu wa kuitazama hali ya mazingira kwa jumla, maana moshi ulikuwa na idara yake, mito idara yake, na taka zimeachiwa halmashauri. Mwezi wa Februari 1970 ikaundwa Tume ya Kifalme ya Uchafuzi wa Mazingira, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Eric Ashby, mtaalamu wa mimea.

Tume hii haikuwa na mkaguzi. Haikuweza kumtoza mtu faini wala kufunga kiwanda. Wajumbe wake, wengi maprofesa, walikuwa na kazi zao nyingine na walikutana kwa siku chache kila mwezi. Lakini ilikuwa na mambo matatu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyoipa nguvu. Kwanza, ilikuwa ya kudumu. Tume nyingi za kifalme huundwa kwa jambo moja, zikatoa ripoti, zikavunjwa. Hii ilibaki, ikajifunza, na ikakumbuka ilichoambiwa jana. Pili, iliweza kujichagulia mada. Haikulazimika kungoja waziri aiulize. Tatu, na hili ndilo kubwa, ripoti zake zilipelekwa Bungeni na kuchapishwa. Mtu yeyote aliweza kuingia duka la vitabu vya serikali akanunua, akasoma neno kwa neno waziri alichoambiwa. Baada ya hapo serikali ilitarajiwa kujibu kwa maandishi.

Mfano wa mapema ni wa 1972. Tume ilikuwa inashughulikia hatari ya taka za sumu, na ripoti yake ya pili, iliyotoka mwaka huo, ililaumu usiri uliozunguka taka za viwandani. Februari mwaka huo huo mapipa ya taka za sayanaidi yalikutwa yametupwa karibu na Nuneaton, kwenye uwanja ambapo watoto hucheza. Magazeti yakawaka. Sheria ya kuzuia utupaji wa taka za sumu ikapita Bungeni katika muda wa wiki chache, kabla Machi haujaisha. Hapa utaona kwamba ushauri peke yake haukutosha, ulihitaji mapipa. Lakini na mapipa peke yake yangeleta kelele tu, kama ushauri haukuwa tayari mezani.

RISASI KATIKA PETROLI

Kisa ninachokijua zaidi ni cha risasi, kwa sababu nilikiishi. Nilipofika Birmingham nilipanga chumba karibu na Gravelly Hill, chini kidogo ya ile njia panda kubwa ya barabara za juu wanayoiita Spaghetti Junction. Mke wangu alikuwa mjamzito. Nguo tukizianika nje zilirudi na vumbi jeusi. Jirani yetu, mama mmoja wa Kijamaika, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kukusanya saini, na ndiye aliyenieleza kwamba petroli ya magari yale ina madini ya risasi, na risasi ile huingia katika damu ya watoto. Nikatia saini. Kusema kweli, nilitia saini kwa kumwonea haya, sikuamini kuwa itafaa kitu.

Serikali ilikuwa na msimamo wake. Mei 1981 iliamua kupunguza risasi, kutoka gramu 0.40 kwa lita hadi 0.15 kufikia mwisho wa 1985, bila kuiondoa kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba ushahidi haujakamilika na gharama ni kubwa. Sasa sikilizeni haya. Machi 1981, kabla ya uamuzi ule, Mganga Mkuu wa Serikali, Henry Yellowlees, alikuwa amewaandikia wakubwa wenzake serikalini kuwaonya kwamba upo uwezekano mkubwa kuwa risasi ya petroli inawapunguzia akili watoto wengi, tena kwa kudumu. Barua ile ilikuwa ya siri. Ilikaa katika faili karibu mwaka mzima, na serikali ikaamua ilivyoamua. Februari 1982 ilivuja, gazeti la The Times likaichapa, na harakati za kupinga risasi, zilizokuwa zimeanzishwa na kundi la CLEAR mwanzoni mwa mwaka huo, zikapata moto.

Kumbe basi hata Uingereza ushauri wa mtaalamu mkubwa kabisa wa afya uliweza kukaliwa. Tofauti ya barua ile na ripoti ya Tume si elimu ya aliyeandika. Ni kwamba barua iliandikiwa wakubwa, na ripoti iliandikiwa nchi.

Tume, chini ya mwenyekiti wake wa wakati huo, Richard Southwood, mtaalamu wa wanyama wa Oxford, ilijichagulia mada ya risasi, na tarehe 18 Aprili 1983 ikatoa ripoti yake ya tisa. Msomeni Southwood, ni mwalimu. Hakusema kuwa imethibitika risasi inaharibu akili za watoto. Alikiri kwamba mabingwa bado wanabishana. Alisema jambo jingine: sumu hii imeenea kila mahali, na kiwango kilichomo katika damu ya watu wa kawaida kiko karibu mno na kile ambacho dalili za madhara huonekana. Nafasi ya usalama ni ndogo, basi tusingoje maiti. Akapendekeza kwamba magari mapya yote yawe yanatumia petroli isiyo na risasi kufikia 1990 hivi.

Serikali ilikubali siku hiyo hiyo. Jambo ililolikataa kwa miaka likakubaliwa kabla jua halijazama! Si kwamba mawaziri walisoma ripoti nzima asubuhi wakaongoka. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, ukafanyika tarehe 9 Juni; vyama vya upinzani vilikwisha kujiweka upande wa kuondoa risasi; na wazazi walikuwa wamekasirika. Tume iliwapa mawaziri mlango wa heshima wa kutokea. Waliweza kusema, "Hatukushindwa na waandamanaji, tumewafuata wataalamu." Hili ni somo la kwanza nililotaka kumwandikia mjomba. Chombo cha ushauri hakimlazimishi mkubwa; humwondolea aibu ya kubadili mawazo, mradi watu wote wameona mlango umefunguliwa.

Petroli isiyo na risasi ilianza kuuzwa Uingereza 1986, na ile yenye risasi ikaondolewa katika biashara ya kawaida tarehe 1 Januari 2000. Na kwetu? Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, na kufikia Januari 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha, zikisaidiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lililoko Gigiri, Nairobi. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Kutoka ripoti ya Southwood hadi watoto wa Kariakoo na Mombasa kupumua petroli safi ni miaka 23. Mwanangu wa Birmingham aliwatangulia binamu zake, na sayansi ilikuwa ile ile.

NA WALIPOKAA KIMYA

Nisije nikawapaka Waingereza mafuta kwa mgongo wa chupa. Ripoti ya tano ya Tume, ya Januari 1976, ilipendekeza idara moja ya ukaguzi itakayoangalia hewa, maji na ardhi kwa pamoja, maana kiwanda ukikizuia kutoa moshi kitamwaga uchafu mtoni. Serikali ilijibu lini? Desemba 1982. Karibu miaka saba! Na idara yenyewe ilianza Aprili 1987. Kwa muda wote huo ripoti ilikuwa hadharani, na kila profesa, mwandishi na mbunge aliweza kuinyanyua na kuuliza, "Jibu liko wapi?" Ikaoza polepole? Haikuoza. Wazo lake la kuchagua njia iliyo bora kwa mazingira yote kwa jumla likaingia hata katika sheria ya mazingira ya 1990.

Ripoti nyingine ni ya Juni 2000, ya ishirini na mbili, chini ya Tom Blundell. Ilisema Uingereza ipunguze hewa ya ukaa kwa asilimia 60 kufikia 2050. Wengine waliiona ndoto. Februari 2003 serikali ikaifanya kuwa shabaha yake katika waraka wa sera ya nishati, na 2008 Bunge likapitisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi yenye asilimia 80, ambayo 2019 ilirekebishwa ili kufikia sifuri halisi.

Na mwisho wa Tume? Julai 2010 serikali mpya ilitangaza kuivunja katika kubana matumizi, na 2011 ikafa. Chombo cha ushauri hufutwa kwa tangazo la siku moja, maana hakina jeshi. Lakini ripoti zake, karibu 30, zilibaki. Huwezi kuvunja kitabu ambacho kimekwisha kuuzwa.

TURUDI RUFIJI

Sasa tuvuke bahari. Tanzania iliunda NEMC kwa Sheria Namba 19 ya 1983. Tazama mwaka: ni ule ule wa ripoti ya risasi. Kwa maandishi lilikuwa na kazi nzito, kutayarisha sera ya mazingira na kuishauri serikali namna ya kuitekeleza. Kwa vitendo lilikuwa chombo cha ndani ya serikali, likiandika kwa serikali, na sheria ile haikumlazimisha mwekezaji kufanya tathmini ya athari kwa mazingira.

Ndipo likaja suala la kamba. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote katika pwani yetu. Ndugu zetu mlioko Muscat, Kuwait na Bahrain mnaijua mikoko hii bila kujua. Boriti zilizoezekea nyumba za wazee huko zilitoka katika pwani hii, na Rufiji ilikuwa soko lake kubwa. Wajerumani waliuhifadhi msitu ule tangu 1898. Mradi wa kamba ulitaka kuchukua hekta zipatazo 10,000 za delta, kwa mtaji wa karibu dola milioni 200. Wenyeji walihofia kuhamishwa, na wavuvi walihofia mazalio ya samaki.

NEMC iliutazama mradi na kushauri ukataliwe. Wataalamu wetu walifanya kazi yao, na wanastahili heshima kwa hilo, maana shinikizo la fedha kama zile si mchezo. Mwishoni mwa 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali mradi kwa masharti. Na jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kulia, ni mwaka huo huo wa 1997 serikali ilipotoa Sera ya Taifa ya Mazingira, inayosifu tathmini ya athari kwa mazingira.

Hapa ndipo penye jibu la mjomba. Ushauri wa Rufiji ulikuwa sawa na wa Southwood kwa elimu na kwa ujasiri. Ulichokosa ni njia. Hapakuwa na sheria ya kulitaka Baraza liuchapishe, wala ya kuwataka mawaziri waseme kwa maandishi kwa nini wameukataa. Wananchi wa delta waliupata kupitia waandishi wa habari za mazingira na wanasheria wa LEAT, kisha wakafungua kesi Mahakama Kuu. Angalieni walichofanya. Walilichukua neno la Baraza, lililokuwa limefungiwa, wakalisema kwa sauti mahakamani. Walikuwa mdomo wa chombo kilichonyimwa mdomo. Na mwishowe yale mabwawa hayakuchimbwa.

Tuliposikia kisa kile huku nje wengi wetu tulipiga kelele, "Wapeni NEMC meno!" Na meno yakaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, ilifanya tathmini ya athari kuwa lazima, ikaleta wakaguzi, adhabu na cheti. Ilitambua pia haki ya mwananchi kupata habari za mazingira. Ikaunda na kamati ya taifa ya kumshauri waziri. Oktoba mwaka huo huo eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa maoni yangu kelele za delta zilichangia hali hiyo, ingawa si peke yake.

Lakini tazameni kwa makini. Chini ya sheria ile, baada ya Baraza kupitia tathmini, lilimpelekea waziri mapendekezo, na waziri ndiye aliyeamua. Yaani Baraza lilipewa meno ya kumng'ata mwenye kiwanda kidogo, na kwa miradi mikubwa likabaki mshauri. Sishangai. Hakuna serikali, ya Uingereza wala ya kwetu, itakayompa mshauri wake kura ya turufu. Kwa hiyo swali la kweli halikuwa meno. Ni hili: waziri anapoambiwa "usifanye" naye akafanya, je, nchi itajua?

NINACHOOMBA

Najua nitaambiwa: bwana, wewe umekaa Ulaya muda mrefu, umesahau nyumbani kulivyo, kule kuna magazeti, na wapiga kura wanasoma. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mjomba wangu alisoma darasa la nne la mkoloni, na aliuelewa ushauri wa Baraza barabara, tena akauliza swali ambalo maprofesa hawakuuliza. Wavuvi wa delta waliutumia ushauri ule mahakamani. Tusiseme watu wetu hawako tayari kusoma kitu ambacho hawajapewa.

Kwa hiyo wenzangu mlio vyuoni, na mnaoitwa nyumbani mara kwa mara kukaa katika kamati na kuandika ripoti, nawaomba mambo mawili. Mkialikwa, ulizeni kabla ya kukubali: ripoti itachapishwa, tena kwa Kiswahili? Na serikali itatakiwa kujibu ndani ya muda gani? Haya hayagharimu fedha nyingi, wala hayamnyang'anyi waziri madaraka yake. Yanamwachia aamue apendavyo, ila aamue mchana.

Mjomba alifariki 2006, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mara ya mwisho nilipomtembelea tulikaa barazani, nikajaribu kumweleza haya ya Tume na risasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi wale wa kwetu walikuwa na kazi. Ila walinong'ona." Nikamwambia ndiyo, hivyo hasa, na imenichukua miaka minane kukuletea jibu ambalo wewe umelisema kwa maneno tisa.

Nimekosea pahala, nisahihisheni. Wabillahi tawfiq.